Samaki Hakuruka, Alitoka

Gazeti alilikunjua gazeti taratibu, akalinyoosha juu ya goti, akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini, na benchi lote likanyamaza. Gazeti lenyewe halikuwa lake. Tangu astaafu ukarani hakuna aliyewahi kumwona akinunua gazeti, ila hakuna pia aliyewahi kulisoma kabla yake, ndiyo maana jina likamganda.

"Ukurasa wa tatu," alisema. "Sikilizeni. Samaki wa mapambo aliyekuwa ukumbi wa wageni, kule jengo la wakuu, amekutwa asubuhi sakafuni, nje ya tangi lake la kioo, akiwa amekauka. Kamati ya watu tisa imeundwa."

"Tisa?" aliuliza Breki. "Kwa samaki mmoja?"

Breki alikuwa dereva wa teksi. Jina alipewa kwa sababu gari lake lilikuwa nazo, mdomo wake ulikuwa hauna.

"Alikuwa mkubwa," alisema Gazeti.

"Hata awe mkubwa vipi, wakimgawana tisa hawashibi."

"Hawamli. Wanachunguza."

"Ndiyo hivyohivyo."

"Acha nimalize, bwana. Msemaji wa jengo amekanusha vikali habari kwamba samaki aliruka. Amesema, namnukuu, samaki hakuruka, alitoka."

Mzee Pomoni, mwenye birika, alikuwa anamimina kahawa na hakuinua macho. Kumimina kwake kulikuwa ibada. Alijaza kikombe mpaka ukingoni, kisha akaongeza tone, kisha tone jingine, mpaka kahawa ikatuna juu ya ukingo kama kitambi juu ya mkanda. Mteja wa Mzee Pomoni hakuinua kikombe. Alikiinamia kwanza kwa heshima, akafyonza, ndipo akakishika. Aliyeinua kabla ya kuinama aliungua vidole na hakuwa na wa kumlaumu.

"Alitoka kwenda wapi?" aliuliza mzee.

"Hawajasema. Ndiyo kazi ya kamati."

Ndani, nyuma ya mgongo wa Gazeti, cherehani ilinyamaza. Bi Pindo alikuwa amesikia neno "sakafuni," na mguu wake ukakataa kukanyaga.

Chumba chake cha ushonaji kilikuwa kimoja tu, mlango na dirisha vikitazama benchi, kiasi kwamba mtu wa nje akipiga chafya wa ndani alimwambia afya. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, imesukumwa ikagusana na cherehani ili nguo ndefu zisiburuzwe chini. Upande mmoja wa meza kulikuwa na mkasi, chaki, pasi na suruali za watu. Upande wa pili, karibu na dirisha, kulikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi samaki mmoja mwekundu.

Walikuwa wawili.

Tangi halikuwa lake, lilikuwa la Dada Mkubwa, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamfundisha kupiga pindo kabla hajajua kuandika jina lake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Dada Mkubwa macho yote mawili, kidogokidogo, miaka mingi. Samaki wake aliwajua kama madoa mawili yanayotembea. Doa moja akaliita Bwana, la pili Bibi. Alikaa nao jioni akiwasimulia habari za majirani, kwa sababu, alisema, hawa hawapeleki mbele. Alipokwenda hospitali kupasuliwa macho aliwaacha kwa mdogo wake. Na juzi akapiga simu, sauti kama ya msichana.

"Mwanangu, nimefunguliwa bandeji. Mkono wa daktari nimeuona, una doa la wino. Nakuja kesho kutwa na basi la asubuhi. Sasa nataka niwaone wale wawili."

Kesho kutwa yenyewe ilikuwa leo. Na Bibi, yule wa manjano, Bi Pindo alikuwa amemkuta kabla ya simu ile, chini ya kanyagio la cherehani, mkavu, vipande vya nyuzi vimemganda mbavuni. Akamfunga kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bi harusi, akamzika nyuma karibu na bomba. Kwenye simu alisema, "Karibu, dada." Basi.

"Mimi nawaambia," alisema Breki huko nje, "samaki anaruka kwa dharau. Kalishwa. Kawekewa mawe ya rangi. Kodi halipi. Bado anataka nje."

"Ni ukosefu wa taarifa," alisema Gazeti. "Wangebandika tangazo. Nje hakuna maji. Kwa amri."

"Samaki anasoma?"

"Wewe unasoma? Mbona pale pameandikwa usiegeshe na umeegesha?"

Mzee Pomoni aliweka birika chini.

"Kiumbe hakitoki kwake kikiwa kimetosheka," alisema. "Huyo wa wakuu walimpunja maji. Angalia tangi la mtu mkubwa, limejaa nusu, nusu nyingine hewa. Ungekuwa wewe usingetoka?"

Akasimama, akachota jagi la maji kwenye ndoo ambayo Bi Pindo aliiacha mlangoni tangu jana yake maji yatulie, akapitisha mkono dirishani, akamwongezea Bwana. Alifanya hivyo kila asubuhi, baada ya kikombe cha kwanza na kabla ya cha pili, na hakuna aliyekuwa anaangalia tena. Alimimina mpaka maji yakatuna ukingoni. Akaongeza tone.

"Haba na haba," alisema, akarudi kwenye birika.

"Baba, Mungu akulipe," alisema Bi Pindo kutoka ndani, na alimaanisha.

Breki akachungulia dirishani.

"Dada Pindo, na hili jambo letu sisi? Basi linaingia karibu na adhuhuri. Umeamuaje?"

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye. Kuhusu marehemu."

Mfukoni mwa aproni ya Bi Pindo palikuwa na kibiringo cha uzi wa manjano. Alikuwa amevilinganisha na Bibi vibiringo vyote vya droo kabla hajamzika, mpaka akapata kimoja kisichotofautiana hata kidogo. Fundi haendi dukani kusema nataka manjano. Anakwenda na uzi.

"Duka la samaki liko njiani," alisema Breki. "Wewe nipe rangi tu. Namchukua mpya, namweka kwenye mfuko wa maji, nampitisha dirishani wakati mgeni anasalimiana. Hajawahi kumwona yule vizuri. Atajuaje?"

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Mzee Pomoni.

"Mzee, mimi nina teksi. Fupi ndiyo naitaka."

"Kiutaratibu inakubalika," alisema Gazeti. "Mtu akiondoka ofisini, kiti kinajazwa. Hatuulizi wa kwanza yuko wapi."

"Samaki si karani," alisema Bi Pindo.

"Na huyo wa kwanza aliondoka bila kuaga," Gazeti aliendelea, amejigeuza kuelekea dirishani. "Kwetu ingekuwa kosa la nidhamu."

Breki aliangua kicheko, na Breki akicheka lazima apige kitu. Alipiga fremu ya dirisha kwa kiganja. Meza ikatetemeka. Bwana alizunguka kona moja ya tangi, akazunguka ya pili, kisha akaruka.

Hakuruka juu sana. Hapakuwa na haja. Alipita ukingo kama mtu anayeshuka ngazi ya mwisho, akapita dirishani, akatua juu ya goti la Gazeti, ukurasa wa tatu, juu ya habari ya mwenzake.

Samaki alipiga mkia mara moja, akalowesha kamati yote.

"Ametoka," alisema Gazeti.

"Mrudishe!" Bi Pindo alipiga kelele. Alikuwa amesimama juu ya kiti na hakujua amepandaje.

Gazeti alilikunja gazeti kama sinia, akainuka kwa mwendo wa mtu aliyebeba mafaili ya siri, akamtelezesha Bwana tangini. Bwana alizama, akakaa chini ya jiwe la kijani, mashavu yakimpanda na kushuka. Mzee Pomoni aliona maji yaliyomwagika na roho ikamuuma.

"Maskini, kapungukiwa," alisema. Akachota jagi.

Sasa Bi Pindo alikuwa na hofu ya wazi. Akifikiria dada anaingia na macho mapya, kitu cha kwanza anachotaka kuona duniani ni madoa yake mawili, na anakuta tangi tupu na mdogo wake amesimama kando na futi ya kupimia shingoni, alishuka kwenye kiti akakimbilia dirishani.

"Nifanye nini, jamani?"

"Weka bati juu," alisema Breki.

"Atakosa hewa, na akiruka ataumia kichwa."

"Basi mfunge uzi mkiani, uufunge kwenye jiwe. Wewe si fundi?"

"Breki, nyamaza kidogo."

"Naomba hoja yangu iandikwe," alisema Breki.

"Kifuniko ni sawa," alisema Gazeti, "ila kisiwe cha bati. Kiwe cha kitu chenye huruma."

Neno hilo lilimwingia Bi Pindo. Alifungua sanduku la mabaki, akatoa kipande cha chandarua, akatoa na kitambaa cha pamba kilichobaki kwenye bitana, kile laini kabisa, ili Bwana akiruka asikwaruze pua. Katikati akaweka chandarua kwa ajili ya hewa. Pembeni akazungusha pamba, akaiacha pana ya kutosha, nusu ining'inie nje, nusu iingie ndani. Akapitisha lastiki. Akapiga na lesi, maana mgeni anakuja. Kila cherehani ilipounguruma meza ilitetemeka na Bwana alizunguka jiwe lake kama mtu anayetafuta mlango, lakini Bi Pindo alikuwa ameinamia kazi.

Alipokivisha tangi kifuniko kile, benchi lote lilisimama kukitazama.

"Hiyo kofia naweza kuoa nayo," alisema Breki. Akatazama jua, akatoa funguo. "Haya, naenda kituoni. Rangi, dada?"

Bi Pindo aliingiza mkono mfukoni. Vidole vilikishika kibiringo. Vikakishika sana.

"Utachelewa basi," alisema.

"Nipe basi."

"Nenda, Breki. Nimesema utachelewa."

Breki akamwangalia, akaenda bila neno, jambo ambalo Gazeti alitaka liandikwe.

Haukupita muda, tone la maji likaanguka kwenye suruali ya mteja iliyokuwa mezani. Kisha la pili. Kisha yakawa yanakwenda yenyewe, tiriri, kutoka pindo la lesi mpaka mezani, kutoka mezani mpaka sakafuni. Bi Pindo aliokoa suruali, akaweka beseni.

"Tangi linavuja," alisema Gazeti.

"Halijawahi kuvuja."

"Hata mimi sikuwahi kustaafu, mpaka nikastaafu."

Mzee Pomoni alipitisha mkono, akainua pembe ya kifuniko, akaona maji yameshuka chini ya ukingo. Alisikitika kama aliyekuta mtoto amelala njaa. Akajaza. Pamba ikanywa, ikatema nje. Akajaza tena. Beseni likajaa, Bi Pindo akalimwaga nje, Mzee akajaza, na kazi ikaenda hivyo kama kiwanda, mpaka ndoo ikabaki na tope la chini.

"Kuna mtu anakunywa maji haya," alisema mzee. "Samaki mmoja hawezi."

"Tuunde kamati," alisema Gazeti.

Honi ikalia.

Dada Mkubwa alishuka kwenye teksi bila kushikwa mkono. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, akaivua, akasimama katikati ya njia anatazama. Alitazama paa. Akatazama viatu vyake mwenyewe, akatikisa kichwa. Breki alimfuata na begi, mnyonge.

"Mnaona nilivyoaibishwa?" Breki alinong'ona. "Miaka yote nimemwambia gari langu ni jeupe. Kafungua mlango tu, kasema, mbona madigadi ya mbele ni ya buluu?"

"Shikamoo, dada," alisema Gazeti.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye Gazeti? Kwa sauti ile nilidhani una tumbo." Akageuka. "Mzee Pomoni, za hapa? Kile kikombe unachonipa mimi ndicho hicho chenye ufa?"

"Ufa ni wa juzi," alisema mzee.

"Una weusi wa kahawa ya miaka, mzee wangu. Hata hivyo kilikuwa kinajaa."

Akaingia ndani. Akamshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akafuta kitu kwenye paji la uso wake. Ilikuwa chaki.

"Umezeeka, mwanangu," alisema kwa upendo. "Haya, wako wapi?"

Bi Pindo akainua kifuniko. Mikono ilikuwa imelowa. Dada Mkubwa aliinama, pua karibu iguse kioo. Bwana akatoka nyuma ya jiwe. Mwanga wa dirishani ulimpiga, akawa mwekundu wote mpaka kwenye mapezi, na kwenye mkia alikuwa na mstari mweupe mwembamba kama mshono wa nje.

"Ana mstari!" alisema Dada Mkubwa. "Bwana, kumbe una mstari! Hukuniambia."

Akacheka. Akatazama nyuma ya jiwe. Akatazama kona ya huku, kona ya kule.

"Na Bibi?"

Benchi lote lilikuwa limebanana dirishani. Gazeti akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Dada, kuhusu Bibi, hakuruka. Alito..."

"Aliruka, dada," alisema Bi Pindo. "Alfajiri moja nilimkuta chini ya kanyagio. Nilimzika pale karibu na bomba. Kwenye simu nilishindwa kusema, na leo nilitaka nimtume Breki anunue mwingine, nikuambie ndiye."

Dada Mkubwa alibaki ameinama vilevile, anatazama mahali ambapo palikuwa hapana samaki.

"Alikuwa rangi gani?" aliuliza mwishowe.

Bi Pindo alitoa kibiringo mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha dada yake. Dada akakipeleka dirishani, akakigeuza kwenye jua, akavuta uzi kidogo, akautazama.

"Hii hasa?"

"Hiyo hasa. Nililinganisha."

"Mzuri," alisema Dada Mkubwa. "Nilijua tu ni mzuri." Akauzungusha uzi kidoleni mara kadhaa, kisha kibiringo akakitia kwenye mkoba wake.

Halafu, bila kufikiri, kama alivyofanya miaka yote ya giza, alikunja kidole cha shahada na kukitumbukiza tangini, kifundo cha juu kikiegemea ukingo. Maji yakamfunika kidole chote, yakafurika, yakamshukia mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Ni nani kajaza maji hivi?"

Akakitoa kidole, akakiinua wakione.

"Mimi hapa huwa naacha kidole. Maji yanagusa ncha, basi. Nilikuwa sioni, kwa hiyo nilikuwa napima. Samaki akishtuka anaruka, ndiyo tabia yake, lakini anagonga hewa anarudi chini. Ukimjazia mpaka mdomoni, umemwekea mlango." Akaiangalia cherehani, akaiangalia meza iliyogusana nayo. "Na mmemweka juu ya gari moshi. Na hicho kitambaa kinanyonya maji kama utambi wa taa. Mwanangu, kosa ni langu. Kidole changu kilijua, nikasahau kwamba mdomo haujakuambia."

Macho yote yalimgeukia Mzee Pomoni. Jagi lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mgeni hapewi kikombe nusu," alisema mzee. "Nilikuwa namkirimu."

"Najua, mzee wangu. Umemkirimu Bibi mpaka chini."

Walichota maji wakayapunguza mpaka yakagusa ncha ya kidole. Wakalihamisha tangi, Gazeti akitoa amri na Breki akibeba, mpaka kwenye rafu ya ukutani ambako cherehani haifiki. Breki akapiga ukuta kwa bahati mbaya. Bwana aliruka. Akagonga hewa, akarudi chini. Akatazama huku na huku kama mtu aliyekuta geti limefungwa, akaenda zake nyuma ya jiwe, akatulia. Kifuniko cha lesi kikaanikwa kwenye kamba.

Wakarudi kwenye benchi. Dada Mkubwa akawekewa kiti, akawa anatazama watu wakipita kama anayesoma barua. Mzee Pomoni alichukua birika. Alikaa nalo mkononi kitambo, kichwa chini, mtu mwenye somo jipya. Kisha akamimina. Kikombe cha Gazeti, akaacha kidole. Kikombe cha Breki, akaacha kidole. Akavisogeza.

Gazeti aliinama kwa mazoea ili afyonze, pua ikaingia kikombeni na midomo haikukuta kitu. Akasimama wima, gazeti likaanguka. Breki alisimama naye, na benchi likayumba nyuma yao.

"Hii nini?" aliuliza Breki.

"Mzee, tumekukosea nini?" aliuliza Gazeti. "Tuambie. Kama ni kamati tuunde."

Mzee Pomoni aliwaangalia wote wawili wamesimama. Akageuza shingo, akamwangalia Bwana kule kwenye rafu, hajongei hata pezi.

"Yule nimempunguzia katulia," alisema. "Ninyi nimewapunguzia mmeruka."

"Hatukuruka," alisema Gazeti. "Tuliinuka."

Mzee akalitazama birika, akaitazama kamba ya nguo.

"Mwanangu Pindo," aliita, "kile kifuniko usikitupe. Kiongeze upana, upime benchi."

Bi Pindo akavua futi shingoni, akatoka nje, akaanza na Breki.